Gari la Marehemu Mtarajiwa

Babu alikuwa na gari moja, na gari hilo lilikuwa na adabu zake. Boneti ilifungwa kwa kupigwa mara mbili: pigo la kwanza la kuomba, la pili la kuamuru. Digadi la upande wa dereva, yaani bati linalofunika gurudumu la mbele, lilikaa juu kidogo, kama bega la mtu anayesema hajui na wala hataki kujua. Digadi la upande wa abiria lilikuwa na bonde lililoachwa na nguzo ya geti, siku ambayo Babu alieleza kwa utulivu kwamba nguzo ndiyo iliyosogea. Na shoo, yaani ule uso wa mbele wenye meno ya chuma, ilitazama pembeni kama mtu aliyelazimishwa kupiga picha na mashemeji.

Mtoto wake mkubwa, ambaye ndiye baba yangu, ni fundi bodi. Si fundi wa kubahatisha. Watu humletea magari yaliyokunjwa kama karatasi ya maandazi, kisha wakija kuyachukua huzunguka mara mbili wakitafuta mahali palipoumia. Gari pekee ambalo Baba hakuwahi kuligusa ni la baba yake mzazi. Kila alipoliomba, Babu alimjibu bila kuinua macho kwenye gazeti:

"Gari langu si la kujifunzia."

Mara ya mwisho alipojibiwa hivyo, Baba alikuwa na mvi, na mafundi aliowafundisha walikuwa wameshafundisha wengine.

Kisha Babu akaugua mapafu, akalazwa. Daktari akawaita watoto wake wawili wa kiume kwenye korido, akavua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu, akawaambia wajiandae.

Kila mtu hujiandaa kwa namna yake. Baba Mdogo, ambaye ni mwalimu wa jiografia na hajawahi kupewa nafasi ya kuzungumza akaikataa, alianza kutunga hotuba. Bibi alikataa kujiandaa kabisa. Kila asubuhi alipeleka chupa ya uji hospitali, jioni akairudisha imejaa, kesho yake akaipeleka tena bila maelezo. Baba alirudi nyumbani kwa wazazi wake, akavaa ovaroli, akaingia bandani na kufunga mlango. Bibi aliyekuwa uani akasikia spana.

Nia ya Baba ilikuwa safi. Gari ndilo lingeongoza msafara wa mazishi siku ile, na hakutaka liongoze likiwa limekunja uso. Alitaka watu waliosimama kando ya barabara walione likipita, limenyooka, na wajue kwamba mzee alikuwa na mtoto fundi. Mzee mwenyewe asingeliona, lakini hilo halikuweza kusaidiwa.

Basi akavua sehemu yote ya mbele. Bampa, taa, shoo, madigadi mawili, boneti na bawaba zake, vyote vikalala kwenye magunia kama wagonjwa wodini. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mwanafunzi wake angelifanya angefukuzwa kwa makelele. Kati ya digadi na mwili wa gari huwa kuna washa, vile vibati vya mviringo vinavyowekwa kwenye boliti ili kuinua chuma au kukisogeza kidogo. Zikitoka, kila washa hufungwa kwa waya pamoja na boliti yake, ijulikane imetoka wapi, kwa sababu huenda siku moja utataka gari lirudi lilivyokuwa. Baba alizimwaga zote kwenye kopo moja la siagi, akalitikisa. Hakukusudia gari lirudi lilivyokuwa.

Kazi yenyewe ina utaratibu ambao Baba huusema kama mtu anayesali. Kwanza mlango, maana mlango una mwenyewe na hauhami. Digadi linaufuata mlango. Boneti inayafuata madigadi. Shoo inakuja mwisho, iwakute wenzake wameshakubaliana. Boliti zote hukazwa kwa vidole tu mwanzoni, ili kila kipande kiwe na ruhusa ya kubadili mawazo. Mwanya kati ya kipande na kipande hupimwa kwa kadi. Baba hutumia kadibodi ya boksi la viatu, iliyokunjwa, anaipitisha kwenye mwanya kuanzia kwenye kioo mpaka kwenye taa. Ikikwama, unalegeza. Ikicheza, unalegeza. Ikipita kimya, unakaza nusu, unaipitisha tena, na kwa kawaida inakwama.

Alinyoosha bonde la nguzo kwa nyundo ya mpira na mfuko wa mchanga. Alibadilisha washa hapa, akaondoa pale. Hakuenda kwenye karakana yake, hakupokea simu za wateja. Hatimaye akaishusha boneti polepole, akaiachia ikiwa imebaki kiganja kimoja, nayo ikajifunga yenyewe kwa mlio mdogo wa heshima. Akapitisha kadi pande zote. Ikateleza mwanzo mpaka mwisho kama barua inayoingia kwenye bahasha yake. Baba Mdogo alikuwepo siku hiyo, na ndiye shahidi kwamba kaka yake alikaa chini, mgongo ukiwa kwenye tairi, akatazama ukuta muda mrefu.

"Mzee angeliona hili," Baba Mdogo alisema.

"Angesema nimeharibu," alijibu Baba.

Kilichokuwa kimebaki ni rangi. Lakini asubuhi iliyofuata, kabla hajafungua kopo la rangi, simu ya Bibi ikaita. Aliipokea, akasikiliza, akasema "sawa" kadhaa, akaja nayo mpaka mlangoni mwa banda.

"Ni baba yenu," alisema. "Amemaliza uji. Anauliza kwa nini haukuwa na ndimu."

Akahamishia simu mkono wa pili.

"Anasema kitanda chao kinamuumiza mgongo. Wanamtoa Jumamosi. Anauliza pia kama kuna mtu anayewasha gari lake, betri isife."

Baba Mdogo alikaa juu ya ndoo. Baba aliweka spana chini kwa uangalifu mkubwa, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Mwambie linawashwa," alisema.

"Nimeshamwambia. Sasa uliwashe."

Hapo furaha ikapiga hodi nyumbani, ikafunguliwa mlango na watu waliokuwa na aibu. Walifurahi kweli, hilo lisitiliwe shaka. Baba Mdogo alilia, kisha akaichana hotuba, kisha akaokota vipande vyenye sentensi nzuri. Ila Baba alikuwa amesimama mbele ya gari lililonyooka, na kadiri alivyolitazama ndivyo uso wake ulivyozidi kushuka.

"Kaka, si umwambie tu ulimfanyia kama zawadi?"

"Zawadi ya nini? Mtu yuko kitandani na mrija puani, mimi nafungua gari lake. Gari alilonikataza maisha yangu yote. Atauliza nilifungua lini. Nikimwambia lini, atajua nilishamzika."

"Ulishamzika kweli," alisema Bibi.

"Mama!"

"Nasema tu. Mimi nilikuwa na uji wangu."

Ikaamuliwa, bila kupigiwa kura, kwamba gari lazima lirudi lilivyokuwa kabla ya Jumamosi. Na hapa ndipo fundi maarufu alipogundua kwamba kupinda nako ni kipimo. Kunyoosha ni rahisi: mwanya ulio sawa ni mmoja tu, unautafuta mpaka unaupata. Lakini mianya isiyo sawa haina idadi, na katika yote hiyo Babu alikuwa na mmoja wake, anaoujua kama anavyojua kikohozi chake. Na washa zote zilikuwa ndani ya kopo la siagi.

Walianza na digadi la upande wa dereva.

"Lilikuwa juu zaidi," alisema Baba Mdogo.

"Juu kiasi gani?"

"Kiasi cha kuudhi."

"Washa ngapi hizo, za kuudhi?"

"Wewe ndiye fundi. Mimi nafundisha mito na milima."

Baba aliongeza washa. Baba Mdogo alirudi nyuma, akafumba jicho moja kama mpiga picha.

"Kaka, umelinyoosha tena."

"Sijalinyoosha."

"Linanyooka! Tazama hapo mlangoni. Limekaa kama mwanafunzi siku ya ukaguzi."

Baba aliinama akatazama. Ilikuwa kweli. Mikono yake ilikuwa imezoea kazi moja tu tangu ujana; akikaza boliti, kidole gumba kilisukuma chuma mpaka kikalingana na jirani yake, bila kumshauri mwenyewe. Alilegeza, akakaza tena huku akitazama dari. Likanyooka. Mara ya tatu Baba Mdogo alimshika kiwiko na kukivuta chini wakati anakaza, na ndipo lilipopinda. Lakini lilipinda upande ambao halikuwahi kupinda.

Wakamwita Bibi.

Bibi alilitazama gari kwa mbele, akatikisa kichwa. "Mimi sijui habari za mbele. Mimi sijawahi kulisubiri barabarani, mimi nilikuwa ndani." Akafungua mlango wa abiria, akaketi, akaweka mkoba wake magotini kama ilivyo kawaida yake, akafungua mlango wa banda kwa kunyoosha kidole ili mtu mwingine aufungue. Mbele yake kukawa na geti na nguzo yake.

"Hii kona ya boneti," alisema, "ilikuwa inaificha ile nguzo mpaka kiunoni. Nilikuwa namwambia, mzee, huioni nguzo. Ananiambia anaiona. Pandisha huko kwako."

Baba akapandisha.

"Pandisha. Wewe mwalimu, toka mbele, wewe si nguzo. Pandisha. Rudisha kidogo. Basi! Hapohapo ndipo tulipokuwa tunagombana."

Baba akaongeza washa mpaka kona ikakaa, akakaza. Bibi akabaki amekaa kidogo, akitazama nguzo iliyofichwa mpaka kiunoni. Kisha akashuka, akapangusa sketi, akasema amechelewa kuosha vyombo.

Boneti ilifuata digadi ikapinda yenyewe kwa shukrani. Shoo wakaigeuza uso pembeni. Komeo likasogezwa hadi pigo la kwanza likakataa na la pili likakubali. Jambo hilo peke yake lilichukua mchana mzima, kwa sababu boneti iliyowekwa na Baba ilikuwa inajifunga hata mtu akikohoa. Likabaki bonde.

Baba alilitazama digadi la upande wa abiria, lilikuwa nyororo kama shavu. Akachukua nyundo ya mpira, akaishusha.

"Piga, kaka."

"Napiga."

"Hujapiga. Umelibembeleza."

"Unajua kilichonipata mpaka likawa hivi?"

"Najua. Piga."

Akapiga, amefumba macho. Bonde likaingia. Tatizo ni kwamba hata kuharibu aliharibu kwa ufundi: lilikuwa duara safi kama la bakuli, ungeweza kulinywea supu. Ikabidi alipige tena pembeni, ovyoovyo, huku akiguna kama anayeng'olewa jino. Rangi iliyopasuka waliipaka kiwi ya viatu ya kahawia iliyochanganywa na grisi na masizi ya sufuria, mpaka bonde likapata umri wake. Baba hakula chakula cha jioni siku hiyo. Baba Mdogo alikula cha wote wawili, akasema jiografia ina hasara zake lakini haijawahi kumtendea mtu hivyo.

Jumamosi Babu akaletwa na gari dogo la Baba Mdogo. Alikuwa amepungua, koti lilimvaa yeye. Sauti ilikuwa palepale. Alisalimia kila mtu kwa zamu, akamwambia Bibi kwamba amekonda kuliko mgonjwa, akakataa kiti, akakataa chai, akauliza funguo ziko wapi. Kisha akaenda bandani na fimbo yake, na sisi sote nyuma, kama wajumbe wa kamati wanaokagua choo kipya.

Babu alifanya kazi ya ukarani wa stoo hadi alipostaafu, na inasemekana hakuwahi kupoteza msumari. Alilizunguka gari lote kwanza kwa mbali. Akashika boneti, akaiinua, akatazama ndani, akaishusha. Akapiga mara moja: ikakataa. Akapiga mara ya pili: ikashika. Baba Mdogo akatoa pumzi kwa sauti, Bibi akamkanyaga.

Babu akapita upande wa abiria. Akalitazama bonde, akaweka kiganja. Kiganja kikakaa pale muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akakinusa.

"Digadi linanukia viatu," alisema.

Baba Mdogo akatazama viatu vyake.

Akaifungua boneti tena. Safari hii aliinama, taratibu, akishikilia fimbo, akatazama mstari wa boliti zinazoshika digadi. Boliti za gari hilo zilipakwa rangi pamoja na gari, kiwandani, kabla sisi hatujazaliwa. Sasa kila kichwa cha boliti kilikuwa na kingo zinazong'aa, rangi imebanduka pale spana iliposhika. Mambo yote walikuwa wameyapinda kwa uangalifu, ila hilo hawakulifikiria.

"Hizi zimefunguliwa."

"Ndiyo, baba," alisema Baba.

"Nani?"

"Mimi."

"Lini?"

Baba Mdogo akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo, akaufunga.

"Wiki ile," alisema Baba. "Siku ile daktari alipotuita."

Babu alitikisa kichwa polepole, kama karani anayeoanisha mzigo na hati yake. Alitafuta mahali pa kukaa. Bibi akamsogezea ile ndoo, akakaa.

"Walikwambia siku hiyo nimekwisha."

"Walisema tujiandae."

"Na wewe ukajiandaa na spana."

"Ndiyo, baba."

"Ulitaka kuliuza?"

"Hapana!" Baba aliruka kama aliyechomwa. "Nilikuwa nalinyoosha. Lingekuwa mbele, siku ile. Nilitaka watu walione limekaa vizuri. Basi."

Nje geti lilikuwa wazi na nguzo yake imesimama bila haya. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, mikono nyuma, mtu mzima mwenye karakana yake, anasubiri kiboko.

"Na lilinyooka?" Babu aliuliza.

"Nini, baba?"

"Nakuuliza kazi. Lilinyooka?"

"Lilinyooka," alisema Baba Mdogo, aliyekuwa ameshindwa kuvumilia. "Mzee, ungeliona! Kadi ilipita kote kama kwenye siagi. Boneti ilikuwa unaiachia tu, inajifunga yenyewe. Na bonde halikuwepo, bonde lilikuwa limekwisha kabisa!"

"Bonde halikuwepo." Babu alilitazama bonde. "Na hili ni la nani?"

"Nimelipiga mimi," alisema Baba. "Juzi. Nimerudisha kila kitu. Usije ukajua."

Babu alianza kukohoa. Bibi akamkimbilia na maji, akayasukuma. Ikachukua muda kujulikana kwamba hakikuwa kikohozi chote. Alifuta macho kwa mkono wa koti. Alipozungumza tena, uso ulikuwa umerudi kwenye ukali wake wa kawaida.

"Ngoja nielewe hesabu zenu. Mimi nikiwa maiti, sioni, sisikii, nimelala ndani ya sanduku, napewa gari lililonyooka. Nikirudi mzima, na macho yangu mawili, napewa hili."

"Baba, si wewe ulisema..."

"Maiti mmempa kazi nzuri, mimi mnanipa kiwi ya viatu!"

"Nilidhani utakasirika."

"Nimekasirika! Hunioni?" Aligonga fimbo sakafuni. "Ile ya maiti nimeikosa. Naitaka. Na rangi mlikuwa mnapaka gani?"

"Ileile ya kwake, baba. Mpya."

"Mpya." Babu alilitamka neno hilo kama mtu anayeonja chumvi. "Mama watoto, chai yangu niletee huku. Na kiti chenye mgongo, ndoo hii ni ya adui."

Bibi akaenda, akinung'unika kwamba mtu akitoka hospitali huenda kitandani, si gereji. Lakini alikwenda haraka. Baba alikuwa bado amesimama palepale. Baba Mdogo akamsukuma begani, naye akaokota spana, akaigeuzageuza mkononi kana kwamba imemgeukia kitu kingine. Akazunguka gari, akapiga goti kando ya digadi la upande wa dereva, pale linapokutana na mlango.

"Unafanya nini huko?" alisema Babu. "Anzia kwenye boneti. Kubwa ndilo linaanza."

Baba hakuinuka. Alikuwa ameshaishika boliti ya kwanza.

"Hapana, baba. Tunaanzia mlangoni."

Babu akavuta pumzi ya kubishana. Ikamwishia njiani, mapafu yalikuwa bado machanga. Akamtazama mtoto wake, akatazama mlango, akatazama tena mtoto wake, kama aliyeletewa bidhaa ambayo hakumbuki kuiagiza lakini anaona ni ya maana.

"Basi anzia mlangoni," alisema. "Na usiniharakishe, nataka kuona."

Baba akalegeza boliti.